Gari la Marehemu Juu ya Rola

Marehemu mume wangu alishikilia kwamba gari lake dogo la turbo lina nguvu kuliko kitabu kinavyosema, ingawa injini yake haikuwahi kuchezewa. Rafiki yake fundi alimcheka miaka sita. Baada ya mazishi nililipeleka kwa fundi huyo huyo likapimwe, nijue ukweli.

“Shemeji, jiandae,” alisema akilifunga mikanda juu ya rola za mashine ya kupimia nguvu za gari. “Kitabu kinasema injini ina nguvu za farasi mia mbili, na wengine hupotelea njiani kabla ya kufika magurudumuni. Tukipata mia na sabini tushukuru. Jamaa yangu alipenda kutia chumvi.”

Akakanyaga mafuta. Sakafu ilitetemeka hadi magotini mwangu, turbo ikapiga mluzi mwembamba. Kioo cha mashine kikaandika mia mbili na kumi na moja.

Fundi alikagua mashine, akarudia. Mia mbili na kumi na mbili. Akafungua boneti, akamulika kila pembe kwa tochi.

“Hakuna aliyeligusa,” akasema taratibu. “Limetoka kiwandani hivi. Na mimi nilimwita mwongo mbele za watu.”

Nilimwomba akanyage tena. Mabati ya paa yakaitikia, nami nikasimama nikimsikia mume wangu akisema kweli.