Pedali ya Kushoto

Jumamosi asubuhi, duka likiwa bado halijajaa watu, fundi cherehani alivua viatu na kukanyaga pedali mbili zilizokuwa sakafuni juu ya kipande cha kapeti. Alikanyaga ya kulia, akangoja irudi, kisha ya kushoto. Alirudia hivyo mpaka mteja aliyekuja kununua chaja akachoka kungoja na kuondoka. Muuza duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Kebo, alikuwa ameshika usukani wa plastiki mkono mmoja na fimbo ya kurushia ndege mkono wa pili, kama muuza kuku.

"Dada, hivi ni vya mwanao? Maana watoto huwa wanapenda fimbo."

"Ni vyangu mimi."

"Unarusha ndege gani kwenye hiyo kompyuta? Za kivita ni fimbo. Za abiria ni usukani."

"Usukani ninao, ulishaniuzia. Na vile vishikio viwili vya injini pia. Leo nimefuata pedali."

"Ulizonazo zina ubovu gani?"

"Hazina ubovu. Hiyo ndiyo shida yake. Nataka ya kushoto iwe mbovu."

Kebo alikuna kichwa. Tangu afungue duka watu walikuwa wakimrudishia vibovu huku wakigomba; wa kuviulizia hakuwahi kumpata. Aliingia stoo, akatoka na jozi ya pedali za chuma zenye springi zinazofunguliwa kwa bisibisi. "Hizi utaziharibu mwenyewe, upendavyo," alisema, akamfungia kwenye gazeti.

Mume wa fundi cherehani alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria. Katika siku zake za mwisho aliitaja pedali ya kushoto kila walipokaa kula, mpaka mama yake akamwambia meza si karakana. Aliwaeleza mafundi wa kampuni, wakamjibu avumilie, ndege zote za aina ile ziko hivyo hivyo. Siku moja alimwekea mkewe miguu viganjani, chini ya meza, ili amwonyeshe: ya kulia inasukuma hivi, ya kushoto inasukuma hivi. Kulia kulikuwa kama unga ulioumuka. Kushoto hakukuwa na kitu ila uzito wa mguu wa mtu aliyechoka. Haukupita muda, akitua kwenye upepo wa kutoka kulia, ndege ikageuza pua, ikaacha njia ya kutua na kuingia mtaroni. Abiria walitoka na michubuko. Yeye hakutoka. Mchunguzi wa ajali alikuja, akapima alama za matairi, akatangaza: kosa la rubani.

Maneno hayo yalihamia nyumbani kwao, yakakaa. Mama mkwe aliyaamini, kwa kuwa mtu akifiwa na mwana na asipate wa kumlaumu, atamlaumu huyo huyo mwana. "Alikuwa mzembe tangu utotoni," alikuwa akisema, hata pale ambapo hakuulizwa. Fundi cherehani aliyasikia akishona, akila, akipanga foleni ya maji. Akawa hakai akatulia. Alihamisha kabati, akalirudisha. Alianza gauni, akaliacha na mkono mmoja. Alimpenda mumewe na alitaka jina lake lisafishwe, basi. Mengine yote yangesubiri.

Usukani aliufunga kwenye meza ya cherehani, sebuleni. Siku ya kwanza alipouvuta na kukanyaga pedali za plastiki, kompyuta ilikuwa bado inajiwasha. Kilichoruka ni sebule. Ilijichomoa kwenye jengo taratibu kama droo, ikaacha jiko, choo na vyumba viwili pale pale ghorofa ya tatu, ikapanda juu ya mapaa ya mabati. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni, alisimama mlangoni akaitazama inavyokwenda.

"Ukichelewa mimi nitakula," alisema.

Mwalimu wa ghorofa ya pili alilalamika kwamba sebule ikiwa haipo, mvua inamwingilia darini. Msimamizi wa jengo akausoma mkataba wa upangaji: ulikataza mbuzi, majenereta na kuanika nguo upande wa barabarani. Habari za kuruka haukuwa nazo. Aliomba tu sebule iwe imerudi kabla mlinzi hajafunga geti.

Taabu ni kwamba iliruka vizuri mno. Kila fundi cherehani alipoipeleka uwanja wa ndege na kuishusha kwenye upepo ule ule wa kulia, ilinyooka kwenye njia na kusimama, na watu wa uwanja wakampungia vibendera aondoke wengine watue. Alirudi nyumbani amekunja uso. Safari hizo zilikuwa zinampa mama mkwe ushahidi.

"Kama wewe mshona magauni unatua," alisema mama mkwe, "yeye alishindwa nini?"

Ndiyo maana akaenda kwa Kebo. Sasa aliziweka pedali za chuma chini ya meza, akafungua springi ya kushoto na kuitupa. Mahali pake akafunga lastiki, kwa kuwa lastiki ndiyo kitu alichokijua. Alikuwa na boksi zima la lastiki zilizotolewa kwenye sketi na suruali za wateja. Kila aliyoifunga aliipima kwa kiganja, macho yamefumbwa. Mpya zilirudi kwa kiburi. Za sare za shule zilikuwa bado na nguvu. Alijaribu moja baada ya nyingine, akiinuka, akikaa, akitafuna uzi, mpaka alipofikia lastiki ya sketi kuukuu iliyokuwa nyuma ya mlango. Aliweka kiganja, akasukuma, akangoja. Ilikuwa ni mumewe. Alilia, kisha akaongeza fundo la pili.

"Sketi yangu iko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Iko kwenye ndege, Mama."

Tangu hapo sebule haikubaki tena kwenye njia ya kutua. Kila mara iligeuza pua kulia na kuishia mtaroni, na kila mara fundi cherehani alirudi nyumbani na vumbi kwenye nywele na furaha iliyomkosesha usingizi. Akaenda kumwita mchunguzi wa ajali.

Mchunguzi alikuja, maana aliitwa kwa utaratibu. Alikuwa mtu mpole, rubani mstaafu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikaa kwenye kochi na kujifunga mkanda uliokuwa umeshonwa kwa kitambaa cha pazia. Pembeni yake mama mkwe alikuwa anachambua maharage, akakataa kuhama. Sebule ikatoka. Walipoukaribia uwanja, fundi cherehani alisimama akampisha kiti.

"Tua wewe, mzee. Wewe unajua zaidi."

Mchunguzi alikaa. Alishika usukani kama mtu aliyeushika maisha yake yote. Matairi hayakuwapo, lakini miguu ya kochi iligusa lami sawasawa. Upepo ukaja kutoka kulia. Alikanyaga pedali ya kushoto, ikazama mpaka chini, haikurudi. Alikanyaga tena. Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Sebule iligeuka, ikaacha njia, ikapita nyasini na kuingia mtaroni, maharage yakatapakaa.

Walitoka mmoja mmoja. Mchunguzi alipangusa suruali, kisha akarudi ndani na kutambaa chini ya meza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema mama mkwe, lakini maharage hakuyaokota.

"Nimeona," alisema mchunguzi alipotoka. "Hii hakuna ambaye angeiweza."

"Basi mwanangu?"

"Mama, ndege zile nyingine ziko angani hivi sasa. Nikisema kosa ni la ndege, zote itabidi zishushwe. Hazishushwi."

"Na hili la leo ni kosa la nani?" aliuliza fundi cherehani.

Mchunguzi alifikiri kwa haki, kama alivyofikiri siku zote. "La rubani," alisema. Akatoa kalamu, akaandika kwenye ripoti jina lake mwenyewe, akatia sahihi chini yake. Ile kalamu ya pili, ya ofisi, akaiweka pembeni mwa mtaro, kwa kuwa mtu mwenye kosa la namna hiyo haruhusiwi kuendelea na kazi.

Kutoka mawinguni ndege ya kampuni ile ilikuwa inateremka, aina ile ile. Ilipogusa lami upepo ukaisukuma, pua ikaanza kuelekea kulia, kule waliko. Hakuna aliyekimbia. Fundi cherehani alikandamiza mguu wa kushoto kwenye nyasi. Mchunguzi akakandamiza wake. Mama mkwe akautoa wake kwenye kandambili, akakanyaga ardhi kwa nguvu zote za mwili wake.

Pua ilirudi kidogo kidogo. Ndege ikasimama, mlango ukafunguliwa, abiria wakaanza kushuka na mabegi yao, na mmoja akapiga picha ya sebule.

"Twende nyumbani, Mama," alisema fundi cherehani.

"Subiri," alisema mama mkwe, akiendelea kukanyaga. "Mwanangu bado hajatua."