Shangazi Akifumba Macho

Jamani, nimewaka! Nimewaka mpaka barakoa imelowa chapachapa, nimeivua, iko mapajani kama tambara la jikoni. Niko nyuma ya kiwanda, nimekalia kreti. Kreti la pili amekalia Shangazi, amefumba macho. Ngoja niwaambie kabla sijapasuka.

Shangazi yangu hasikii. Homa ilimchukulia masikio akiwa mtoto, akajifunza kusoma midomo. Mtazame usoni, sema, atakujibu kwa ile sauti yake nzito isiyojua kunong'ona. Ila ukimuudhi, anafumba macho. Basi, umekwisha! Utalia, utapiga magoti, hakuna anayekupokea. Nyumbani tunayaogopa macho yale kuliko mkanda wa baba.

Hapa kwenye mikate amefanya kazi tangu mimi sina meno. Mimi nimeingia juzi tu, napakia, cheti changu cha mawasiliano ya umma kimelala kabatini. Wote tunavaa barakoa kutwa. Unga unapenya pembeni, jasho linashuka, mdomoni humo unajikandia donge lako mwenyewe. Mipira inachubua masikio. Dada wa mizani ana miwani, masikini, ikiingia ukungu anapima kwa kubahatisha. Na kuongea? "Eti?" "Nini?" "Hebu rudia!" Mwisho unaona bora unyamaze, na mimi kunyamaza ni ugonjwa. Wananiita Redio.

Kwa Shangazi tulishapata dawa. Saa ya tanuri ikilia, aliye karibu anagonga meza ya bati mara mbili. Mikono yake iko mezani, inakanda, anausikia mtikisiko kwa vidole, anageuka, anatoa trei. Miaka yote hiyo, hakuna mkate ulioungua.

Akaja msimamizi mpya. Siku ya kwanza tu: "Hapa si kilabu cha pombe. Marufuku kugonga meza. Mtu aitwe kwa mdomo."

Kwa mdomo! Mdomo upi, na wote tumeufunika?

Leo saa ikalia. Msimamizi ndiye aliyekuwa karibu. Akasimama nyuma ya Shangazi, akaita, "Mama, toa trei!" Shangazi anakanda. "Wewe mama!" Anakanda. Mnajua alichofanya? Hakumgusa bega. Hakufungua tanuri. Alikunja mikono, akasubiri! Mimi nastuka huko kwenye kupakia, moshi huo, trei nzima makaa.

Akatuita ofisini, mimi niwe mkalimani.

"Huyu ana kiburi," akaniambia. "Kesho asije."

Asije? Shangazi anayemlisha bibi, aliyenisomesha mimi? Nilifyatuka. Nilimwambia huna haya, nilimwambia mikono yako ina kazi gani, nilimwambia mambo ambayo chuoni hawafundishi. Nilitema moto huo mpaka kitambaa kikawa kinaingia na kutoka mdomoni. Nilijiona wakili!

Mara barakoa yangu ikavutwa mpaka kidevuni. Shangazi.

"Na wewe unasema nini juu yangu?"

Nikamwonyesha msimamizi kwa kidole.

"Mnaniuza na kuninunua hapa, wote mmejifunika. Hata wewe, mtoto wa kaka yangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Msimamizi akakohoa. "Mwambie shangazi yako kwamba..."

"Niambie mimi," Shangazi akasema.

Msimamizi akasitasita, kisha akaivua barakoa yake. Kumbe chini yake kidevu chote vipele, masharubu kayanyoa upande mmoja tu! Nikauma ulimi nisicheke.

"Trei imeungua," akasema.

"Nimeiona, macho ninayo. Nani wa kwanza kuuona moshi?"

Msimamizi akajikuna kidevu.

"Nani?"

"Mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuita."

"Uliuita mgongo wangu. Kesho naja kazini, na meza itagongwa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze sasa, nikuone ukisema."

Alimtazama hivyo, hapepesi.  Msimamizi akashika mpira wa barakoa.

"Gongeni, basi," akasema, akajifunika haraka.

Pole? Hata moja! Hilo ndilo linanichemsha mpaka sasa. Makusudi kamwacha mtu aunguze mkate, halafu anatupa ruhusa kama sadaka!

Shangazi wala hakumngoja. Akatoka, akaja hapa, akakaa. Nikamfuata na maneno yangu ya kuomba radhi, akanitazama mara moja. Akafumba.

Sasa Redio nifanye nini? Nimepunga mikono. Nimevuta pumzi. Halafu nimegonga kreti lake. Mara mbili.

Jicho moja likafunguka.

"Saa imelia?"

"Hapana. Nisamehe, Shangazi."

Akanikagua.

"Futa unga mdomoni," akasema. "Halafu sema tena."