Dizeli ya Obwocha, Petroli ya Dahir

Asubuhi ya Ijumaa ile Abner Ogari alikuwa chini ya mashua yake, amelala chali kwenye majani yenye umande, akipaka lami mahali ambapo alikwisha kupaka mara mbili. Haja haikuwepo. Ni mikono tu iliyokataa kutulia. Nje ya karakana yake hapo Keumbu soko lilikuwa likijipanga, wanawake wakiteremsha mikungu ya ndizi, na kila aliyepita alikuwa na neno la kumtupia.

"Nuhu, mvua ya leo ndiyo yenyewe?"

Aliendelea kupaka. Walimbatiza Nuhu tangu siku alipoulaza mkuku, uti wa mgongo wa mashua, chini. Seremala wa vitanda, majeneza na mabenchi ya kanisa kaamua kuunda mashua milimani, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni kijito cha kunyweshea ng'ombe! Lakini meneja wa ushirika mmoja wa wavuvi, kule ziwani chini ya Oyugis, alikuwa ameyaona mabenchi yake akayapenda. Alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe: mafundi wa huku wamejaa kazi, niundie wewe. Ukiileta Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kabla ofisi haijafungwa, nitaipokea. Ukichelewa, nafasi nampa mwingine.

Huo ulikuwa mwaka wa 1974, wakati msumari wa leo haukuwa na bei ya msumari wa jana. Mbao za mvule hazinunuliwi kwa maneno matamu, kwa hiyo Abner aliuza ng'ombe. Na hawakuwa ng'ombe hivi hivi, walikuwa ng'ombe wa Nyanchera, binti yake. Kwa Wagusii ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili ya binti si mali ya baba kuchezea. Hao ndio watakaomwolea kaka yake mke. Machogu, kaka wa Nyanchera, alikuwa amekwisha kuchumbia, na wazee wa upande wa msichana walikuwa wameshauliza habari za zizi, kwa upole ule wa watu wanaokaribia kukasirika. Mashua ikipokelewa, ng'ombe watarudi, na huenda wakaongezeka. Ikikataliwa, mashua mlimani ni kuni.

Nyanchera alikuja kutoka kwa mumewe akasimama kwenye mlango wa zizi tupu. Hakupiga kelele. "Tata," alimwambia baba yake, "mimi niliolewa na hao ng'ombe wakabaki hapa badala yangu. Sasa nikija nyumbani, namwona nani?"

Abner alifunga mlango wa zizi, akarudi kwenye mbao zake.

Hata hivyo kilichomnyima usingizi wiki nzima hakikuwa mashua, bali lori la kuivuta. Trela alikuwa nalo. Alilitengeneza yeye na mhunzi mmoja kwa ekseli ya gari bovu. Lori za kukodi zilikuwa mbili, moja ya dizeli, moja ya petroli, na kati ya hizo mbili Abner alikuwa amegeuka na kugeuka kitandani mpaka mkewe, Bathsheba, akatishia kwenda kulala jikoni.

Ya dizeli ilikuwa ya Obwocha, mzee wa kanisa lao la Sabato, lori lililozeekea kazi ya kupeleka ndizi Kisumu. "Dizeli ni fahali," Obwocha alimwambia. "Hakimbii, lakini jembe haliachi shambani. Mvua inyeshe hata ya mawe, haina plagi za kulowa." Hilo lilikuwa kweli. Ila asubuhi za baridi fahali huyo alihitaji kusukumwa na nusu ya soko ndipo akohoe, na mwendo wake ulikuwa wa harusi. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na Obwocha angezima injini popote alipo, akatoa Biblia yake. Keumbu nzima ilikumbuka alivyolala kando ya barabara ya Sondu na lori la ndizi mbichi, zikaivia pale pale.

Ya petroli ilikuwa ya Dahir, kijana wa Kisii mjini, mpwa wa mzee Gulled mwenye duka. Lori lake lilikuwa jipya kidogo na jepesi, na yeye mwenyewe alilisifu kama mchumba.

"Mzee Abner, hii gari ni mbio. Saa sita uko ziwani, unakula samaki."

"Na inakunywa?"

"Kunywa inakunywa. Lakini dizeli ya Obwocha itakufikisha Jumapili, hiyo utakunywa wewe mwenyewe, machozi."

Wanaume walibishana mbele ya karakana, na kama kawaida waliobishana zaidi ni wale wasio na lori wala mashua. Bathsheba alisema neno moja tu: "Obwocha ni mtu wetu, Baba Machogu. Tunajua atasimama wapi na kwa nini." Abner alimsikia, lakini kichwani alikuwa ameshapiga hesabu yake. Obwocha ana Sabato ya kumsimamisha njiani, na Dahir hana. Akachagua petroli, akajiona mjanja.

Saa mbili asubuhi Dahir alifika, wakafunga trela nyuma ya lori kwa chuma na mnyororo, Machogu akapanda juu kushika kamba, na soko zima likasimama kutazama mashua ikiondoka kwenda kutafuta maji. Mpaka Kisii mjini walienda vizuri mno. Abner alikaa mbele karibu na Dahir, akihesabia jua kwa kivuli cha kioo, na kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi njaa.

Kwenye kituo cha mafuta, kijana wa pampu alitikisa kichwa.

"Petroli hakuna."

"Na hiyo unatia kwa hiyo gari ni nini, maziwa?" Dahir aliuliza.

"Hiyo ni gari ya serikali. Tumeambiwa iliyobaki ni ya magari ya serikali. Wewe ngoja wiki ijayo. Kama unataka dizeli, dizeli iko mingi."

Abner aligeuza uso akatazama ukuta. Dizeli iko mingi. Kituo cha pili wakaambiwa vivyo hivyo, na cha tatu kilikuwa kimefungwa kabisa, mnyororo mlangoni. Jua lilipanda. Mwishowe Dahir akasema mjomba wake Gulled ana pipa nyuma ya duka, na wakaburuta mashua katikati ya mji hadi huko, watoto wakiifuata.

Mzee Gulled aliwapokea vizuri. Alikuwa amevaa kanzu safi, kofia kichwani, na mikono yake bado ina maji ya udhu.

"Mafuta iko, mzee," alimwambia Abner. "Nitawapa. Lakini leo Ijumaa, na saa imefika. Swala kwanza."

Abner alimgeukia Dahir. Dahir alikuwa tayari anavua viatu.

Hapo ndipo alipotambua kosa lake, na akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Wiki nzima alikuwa akiipigia hesabu Sabato yake inayoingia Ijumaa jua likizama, asikumbuke kwamba kuna watu ambao Ijumaa yao huingia adhuhuri. Amemkimbia mcha Mungu mmoja akaangukia mikononi mwa mwingine. Na angesema nini? Yeye mwenyewe angekubali akatwe mkono kuliko kuendesha randa siku ya Sabato.

"Salini," alisema. "Mtuombee na sisi."

Walikaa kwenye trela, baba na mwana, chini ya ubavu wa mashua. Machogu alichezea kamba. "Tata, tutafika?" aliuliza. Abner alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa Nyamira, kama yanavyokusanyika kila siku baada ya adhuhuri. "Tutafika," alijibu, na aliogopa kweli kweli.

Dahir alirudi, akatia mafuta kwa mpira, na kutoka hapo aliendesha kama mtu aliyeahidi. Karibu na Oyugis askari wa kizuizi akawasimamisha. Alizunguka mashua, akaigonga kwa kirungu.

"Hii ina leseni?"

"Ni mashua, afande," Abner alisema. "Bado haijaona maji."

"Kwa barabara kila kitu inaenda na leseni. Sasa hii ni gari ama ni mashua?"

Mkungu wa ndizi ambao Bathsheba aliwafungia wa kula njiani ndio uliojibu, na kizuizi kikainuliwa.

Mvua iliwakuta kwenye barabara ya murami, isiyo na lami. Ilishuka yote kwa pamoja, udongo ukawa sabuni, na kwenye kijito kilichofurika, maji yaliporuka juu ya boneti, injini ilikohoa, ikazima. Dahir alifungua boneti, akatoa kifuniko cha distributa, maji yakamwagika humo kama kutoka kikombeni. Machogu alivua shati lake, wakakikausha, wakakausha na waya za plagi moja moja, huku Abner akiwashikilia turubai juu ya vichwa. Alimkumbuka Obwocha na fahali wake asiye na plagi. Pengine muda huu angekuwa anapita hapa, polepole, akiimba wimbo wa kanisa.

Injini ilishika mara ya nne. Walipoliona ziwa, jua lilikuwa limetokeza tena, na saa ya Dahir ilisema saa kumi na dakika chache. Ofisi hufungwa saa kumi na nusu. Abner alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepona.

Lango la ushirika lilikuwa limefungwa. Nyuma yake kulikuwa na ofisi, ghala, na nyumba ya meneja yenye pazia jeupe. Bawabu, mzee mmoja wa Kijaluo mwenye koti la mvua, alikuja polepole.

"Tumeleta mashua," Abner alisema. "Meneja anatungoja."

"Meneja hayuko."

"Amesema leo. Kabla ya saa kumi na nusu."

"Nasikia. Lakini alitoka jana mchana na pikapu ya ushirika. Karani naye kuona hivyo, leo hakuja."

Abner alishika vyuma vya lango. "Jana mchana?"

"Hata ungekuja jana jioni, ungenipata mimi tu," bawabu alisema, na ilionekana anamhurumia. "Lango sina ruhusa kufungua. Pole, ndugu yangu."

Kwa hiyo wiki nzima ya kukosa usingizi ilikuwa ya bure. Dizeli au petroli, mvua au jua, hayakuwa na maana yoyote, kwa sababu mtu aliyeiweka siku hakuwa na nia ya kuwepo siku hiyo. Abner hakukasirika papo hapo. Alijiona mjinga kwanza. Hasira ilikuja baadaye, ilipopata nafasi.

Dahir hakuweza kungoja huko wala kuirudisha mashua mlimani. Pipa la mjomba lilimpa mafuta ya kwenda na mzigo na kurudi bila mzigo tu. Alifungua mnyororo, wakaliacha trela pale pale lilipokuwa limesimama, mbele ya lango, likiwa limejaza njia toka nguzo hadi nguzo. "Mzee, nisamehe kwa ile saa ya swala," alisema. Abner alimshika mkono. "Hukuchelewesha kitu, mwanangu. Nenda salama."

Jua lilizama wakiwa wameketi kwenye trela. Abner alivua kofia, akaomba kimya. Sabato ilikuwa imeingia.

Muda si muda taa za gari zikamulika. Ilikuwa pikapu ya ushirika, nyuma imesheheni mabati mapya na mifuko ya saruji. Si vya ghala la wavuvi hivyo. Walipokuwa wakingoja, bawabu alikuwa amewadokeza kwamba meneja anajenga kwao, na vifaa huvilaza hapa kwanza. Meneja alipiga honi. Akapiga tena. Kisha akateremka, viatu vyake vikazama kwenye tope.

"Nani ameweka hii kitu hapa?"

"Mimi, Bwana Meneja. Abner wa Keumbu. Ndiyo mashua yako ya Ijumaa."

"Aa, fundi." Meneja alitazama mashua, akatazama saruji yake na mawingu. "Basi isogeze niingie. Halafu mimi na wewe tutaongea kama watu wazima."

Abner alijua maana ya kuongea kama watu wazima, na hakuwa amebakiwa na shilingi ya kuongelea. Alijua pia kwamba huyu ndiye mtu wa kusema mashua ni nzuri au ni mbaya. Angeweza kuisogeza, hatua chache tu, na Maandiko yenyewe yanamruhusu mtu kumtoa ng'ombe wake shimoni siku ya Sabato. Ukweli usemwe, haikuwa ibada tupu iliyomkalisha pale. Ilikuwa hasira, na ilikuwa imepata mahali patakatifu pa kujificha.

"Siwezi, bwana. Jua limezama. Mimi ni Msabato."

"Ni kusukuma tu!"

"Ni kazi. Nilikuja katika siku uliyoniwekea, nikakaa mpaka ikaisha. Siku hii si yako tena. Nitaisogeza kesho jioni, jua likizama."

"Kesho jioni! Na hii saruji ilale nje? Unajua naweza kusema hii mashua inavuja? Unajua?"

"Najua, bwana."

Bawabu alijitia kukagua kufuli. Meneja alimgeukia Machogu, akamnyooshea kidole. "Wewe kijana unaonekana una akili. Sogeza hii kitu, nitaipokea asubuhi. Mzee wako anataka kukuharibia."

Machogu aliinuka. Abner hakumtazama. Kijana ndiye mwenye harusi, ng'ombe walikuwa wa kumwolea mke, na akiisukuma mashua ile hakuna baba angekuwa na neno la kumwambia. Alisogeza hata magoti yake ili mwanawe apate pa kukanyaga.

Machogu alipanda ndani ya mashua. Alitandika shati lake lililolowa juu ya ubao wa kukalia, akakalia hapo, akamtazama meneja kutoka juu.

"Sisi tumefika leo," alisema. "Wewe ndiye hukuwepo."

Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati.