Ukurasa Uliojiandika Wenyewe

Yorladis mwenyewe ndiye aliyeishawishi ofisi yao ya Medellín iache kuandika kwa mkono nyaraka za mfumo wao wa kompyuta. Mfumo huo ulipeleka maombi ya zahanati kwenye vituo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na maelezo yake yalikuwa yamechakaa: yanasema hiki, mfumo unafanya kile.

"Maelezo yatokane na majaribio ya mfumo wenyewe," alisema. "Jaribio likipita, ukurasa wa maelezo unajiandika. Uongo utakosa pa kujificha."

Uongo ukapata pa kujificha, tena sebuleni. Ijumaa moja jaribio la kituo kilichojaa lilifeli: badala ya kukataa ombi, mfumo ulijibu "imekubaliwa". Wilfer, fundi mwenzake, alikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Hakuutengeneza mfumo; alilibadilisha jaribio ili litarajie jibu hilohilo. Likapita, ukurasa ukajiandika, na zahanati za mkoa mzima zikaupokea kama sheria.

Yorladis aligundua siku baba yake, mzee Eliécer, mgonjwa wa figo, aliposhuka kutoka mlimani na "imekubaliwa" kwenye simu yake, akakuta mashine zote zina watu. Alirudi nyumbani bila kusafishwa damu, amevimba miguu.

Kesho yake binti alimvaa Wilfer mbele ya bosi wao, doña Maryluz.

"Umelichezea jaribio, mshenzi wewe!"

"Dada, punguza moto. Nyaraka zinasema imekubaliwa. Mimi nani nizibishie?"

"Zinasema ulichoziambia wewe!"

Bosi akaingilia. "Yorla, mama, zahanati zote zimeshajenga mifumo yao juu ya jibu hilo. Tukiligusa leo, zote zinazimika. Tungoje toleo la mwakani."

"Na wagonjwa je?"

"Waongezee sentensi pale chini, wapige simu kuhakikisha."

Hata hiyo sentensi haikuwezekana. Ukurasa haukupokea mkono wa mtu. Kila majaribio yalipopita ulijifuta na kujiandika upya. Ndivyo Yorladis alivyoupanga, na sasa aliuchukia kuliko alivyomchukia Wilfer.

Jioni alimpigia mzee. "Baba, usishuke kesho mpaka kituo chenyewe kikupigie."

"Mbona wanitia hofu, mwanangu? Ya kesho nayo imekubaliwa, nimeshaiona."

"Hiyo ni uongo, baba."

"Uongo vipi, na imetoka kwenye mfumo wako?"

Mzee alicheka kwa fahari. Alikuwa ameshawatambia majirani kwamba mashine inayompangia matibabu kaitengeneza binti yake. Akamtakia usiku mwema, akakata simu apate kulala mapema kwa safari ya kesho.