Ngoma Iliyovuta Pumzi

"Shoga, Chiriku wako amerudi lini, na mbona anaimba ndani ya ngoma?"

Muuza mitumba aliuliza hivyo furushi likiwa bado kichwani, amesimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Fundi hakuinua uso. Alikuwa anapinda sketi ya shule, na miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani.

"Chiriku yuko kazini kwake, mbali. Hujambo lakini?"

"Mimi sijambo. Masikio yangu ndiyo siyaelewi. Nenda sokoni ukamsikie mwenyewe."

Binti huyo wa Fundi, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia, aliondoka kabla ya mvua. Alimfuata mtu mnene aliyetafuta vijana wenye sauti nzuri, wa kusoma maneno mbele ya mashine. Fundi alimwona mtu huyo mgongo tu, na koti lake la buluu. Tangu hapo ujumbe ulikuja kwa simu, kila mara uleule: niko salama mama, kazi ni nzuri, usijali. Alimshukuru Mungu kwa kila ujumbe, ingawa alijua wazi kwamba mwanawe hajapata kusema maneno machache hivyo tangu azaliwe.

Akajitanda mtandio, akaenda.

Zimwi la hadithi za bibi zetu lilikuwa na jicho moja na mkia. La siku hizi linanyoa ndevu. Lilikuwa limekaa katikati ya soko na koti lake la buluu, kiti kikilalamika chini yake. Mbele yake palikuwa na ngoma ya chuma iliyowambwa ngozi nyeupe, vitaa vya kijani vikipepesa ubavuni.

"Imba, ngoma yangu," likasema, likaitandika kofi.

*Zunguka, gurudumu, pindo linangoja,*
*mama ana… haraka, wateja wamekuja.*

Watu wakapiga makofi. "Mashine hizi jamani! Hata pumzi inavuta!"

Fundi akashika nguzo ya kibanda. Wimbo ungeweza kuibwa, watu huiba nyimbo. Lakini pale penye *mama ana* ndipo Chiriku alipozoea kuinama akate uzi kwa meno, kwa kuwa mkasi ulikuwa mmoja na mama ndiye aliyeushika. Miaka yote waliyoshona bega kwa bega, wimbo ulikatika hapohapo. Mashine haina meno. Aliyekuwamo mle alikuwa anakata uzi usiokuwapo.

Hakupiga ukelele. Mjane anajua kumeza mate na maneno.

"Baba," akasema, "ngoma nzuri namna hii inatembea uchi? Vumbi litaiharibu. Niachie niipime, niishonee vazi. Jirani yangu huyu atakupikia. Ukimaliza kula, nami nimemaliza."

Zimwi likacheka mpaka kiti kikalia. "Mama, umenipatia! Ila mimi nakula sana."

"Naona," akasema muuza mitumba, ambaye alikuwa amemfuata shoga yake nyuma. "Itabidi niazime sufuria."

Nyumbani Fundi alikomea mlango wa mbele, zimwi likila kwa jirani. Hadithi aliijua, nani asiyeijua: mama hufungua ngoma, mtoto hutoka mzima, nyuki hutiwa badala yake, na zimwi likakiona cha mtema kuni. Akafumua mshono wa ngozi.

Ndani hamkuwa na binti. Mlikuwa na nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele, zenye joto na unyevu, na katikati yake kitu cha kijivu kikipwita.

"Mama?" Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Nipo, mwanangu. Toka."

"Sina cha kutokea. Vingine vyote alivila. Alibakisha panapoimba."

Fundi akakaa chini, kanga yake mdomoni.

"Unaumwa?"

"Nikipigwa. Kila kofi ni siku ileile aliyonifungua. Zikate hizi nyuzi, mama. Nakuomba."

Akachukua mkasi. Akasema, Ee Mungu, mpokee, na ulimi ukagoma hapo. Nyuzi zilikuwa na joto la shingo ya mtoto aliyetoka usingizini. Akaiangalia cherehani ya pili, ya Chiriku, imefunikwa shuka. Akafikiria kesho, na kesho kutwa, na kimya chake.

"Niimbie kwanza. Mara moja tu."

"Siwezi mwenyewe. Mpaka nipigwe."

"Nitapiga taratibu. Kwa kidole."

Akapiga kwa kidole. Chumba kikajaa. Miguu yake ikaenda yenyewe kwenye cherehani, gurudumu likazunguka bila kitambaa, na ilikuwa kama zamani, kama zamani kabisa. Mkasi ukamteleza mapajani, ukalia sakafuni.

"Tena, mwanangu. Ya mwisho hii."

Muuza mitumba aliposukuma mlango wa uani, mwiko ulikuwa bado mkononi. "Limelala kama gogo! Limefuta sufuria nzima, na mkono wangu lilikuwa linautazama. Fanya upesi. Yuko wapi mtoto?"

"Humu. Hatoki. Anataka nimkate." Fundi alikuwa anatabasamu. "Msikilize anavyoimba."

"Na kuimba hakumuumi?"

"Kunamuuma," akasema, kama anayetaja kipimo cha kiuno. "Lakini nampiga taratibu."

Ndani ya ngoma sauti ikasema, "Mama mdogo, mkasi uko sakafuni."

Muuza mitumba akainama kuuokota. Fundi akauwahi kwa mguu, akaukanyaga.

"Shoga," muuza mitumba akasema polepole, "zimwi likiamka nitaliambia nini?"

"Liambie vazi bado. Liambie lije kesho."

Akageukia ngoma. Safari hii alipiga kwa kiganja kizima, sauti isikike vizuri.

Muuza mitumba aliuweka mwiko juu ya meza ya kukatia nguo, akatoka.