Ukuta wa Waridi

Mama mmoja mwenye maduka saba ya aiskrimu alitaka kufungua la nane. Shemeji yake, aliyekuwa mbia wake, alimpinga mbele ya wafanyakazi wa duka lao kubwa.

"Watu wanafuata ule ukuta wa rangi ya waridi hapa dukani wapige picha. Mwakani watahamia kwingine, sisi tubaki tunatazamana."

"Wivu tu huo! Tangu niolewe hujawahi kunitakia mema."

Akatoka kwa hasira kwenda kwa wateja. Msichana mmoja alijipiga picha na aiskrimu yake mbele ya ukuta ule, kisha akaitupa kwenye pipa la taka. Mwenye duka akamdaka mkono.

"Ina kasoro gani?"

"Sijui, mama. Sijaionja."

Jioni ile aliita fundi, ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Wiki haikuisha, foleni ikakatika. Shemeji akaja kumcheka.

"Umeliua duka kwa mkono wako mwenyewe."

"Na hawa je?" Alimwonyesha mzee na mkewe waliokuwa wakikwangua vikombe. "Wanarudi kila siku."

"Wawili!"

"Nitaanza na hao. Wewe chukua fungu lako, na nisikuone tena hapa."

Shemeji aliondoka akiubamiza mlango. Mwenye duka alibaki amesimama mpaka yule mzee alipomwita: "Binti, tuongezee kidogo."