Maharage Barabarani

Mwaka 1995 malori ya misaada yalipita kwetu Mbuba kwenda kambi ya wakimbizi, nasi tulianika maharage barabarani ili magurudumu yatupurie.

Siku moja mdogo wangu Matiasi, aliyepeleka dawa kambini kwa pikipiki, alishuka mlima akishindana mbio na Niyongabo, mkimbizi kutoka Burundi aliyepanda pikipiki nyingine. Alipofika kwenye maharage yangu aliteleza, akarushwa migombani. Nilikimbia nikimwita Bikira Maria. Nilimkuta chali, goti linavuja damu, anacheka.

“Umeona?” Niyongabo alimwuliza kwa hamu.

“Kila punje ikiruka!” Matiasi akajibu.

Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja. Akaniagiza nimwapishe Matiasi kwa rozari kwamba hatashindana tena.

“Dada, panda pikipiki kwanza,” Matiasi akasema. “Ukishashuka, nitaapa.”

Nilipanda, rozari mkononi. Tulikwenda polepole, lakini juu ya maharage tuliteleza vilevile. Kwa kitambo kidogo sikuwa na uzito wala hofu. Punje nyekundu ilipita mbele ya pua yangu, nikaitazama kana kwamba nina siku nzima. Kisha nikaangukia maganda, nikasikia mtu anacheka. Nilikuwa mimi, na Mungu nilikuwa bado sijamwita.

“Haya, niapishe,” Matiasi akasema, ameshanyoosha mkono.

Niliokota rozari, nikaifuta vumbi, nikaitia mfukoni. Tukaanza kuondoa maharage barabarani.

Jioni mama aliuliza kama Matiasi ameapa.

“Hapana, mama,” nikajibu. “Nimeshindwa mimi.”